Nilivyonunua nyumba ya kale katika kijiji cha mizabibu, Ufaransa

Nyumba niliyoinunua imo katika kijiji kidogo cha eneo la Mâconnais, kusini mwa jimbo la Burgundy, ambako mizabibu inaanzia nyuma ya kanisa na kupanda vilima vyote vilivyo karibu. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi mjini Lyon kwa miaka 11, nikikaa katika nyumba ya kupanga, na kila nilipopata siku mbili za mapumziko nilipanda treni hadi mji wa Mâcon, kisha nikatembea vijijini kwa miguu. Sikuvutwa na mvinyo, kwa kuwa sinywi. Nilivutwa na mawe. Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa chokaa. Nilipoziona nyumba za wakulima wa mizabibu wa zamani, zenye ghala la mvinyo chini, makazi juu, na ngazi ya mawe ya nje inayopanda hadi kwenye baraza yenye paa, nilihisi nimefika mahali ninapopafahamu.

Niliiona nyumba hii kwa mara ya kwanza Oktoba 2023. Juu ya mlango wa ghala umechongwa mwaka 1827. Dalali alinionyesha jiko lililopakwa rangi upya, dari lenye magogo ya mwaloni na bustani yenye mti wa mjozi, lakini mimi niliuweka mkono wangu kwenye ukuta wa kaskazini na kuuacha hapo. Ulikuwa baridi na wenye majimaji, na usawa wa goti rangi ilikuwa imefura kama ngozi iliyoungua. Nilipotoka nje nikaona sababu yake: mtu fulani, miaka mingi nyuma, aliupiga ukuta huo lipu ya saruji kutoka chini hadi urefu wa mita moja, na udongo wa nje ulikuwa umerundikana mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani.

Mjomba alikuwa akituambia kwamba ukuta wa mawe unapumua, nami nikiwa mtoto nilidhani ni maneno ya mapenzi kwa kazi yake. Ni maelezo sahihi kabisa. Kuta za namna hii zimejengwa kwa mawe na udongo au chokaa, bila kizuizi chochote cha maji chini yake, kwa hiyo unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta na kutoka taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba uso wake kwa saruji, unyevu haukomi. Hupanda juu zaidi ukitafuta njia, huleta chumvi inayobomoa mawe, na hatimaye hufikia ncha za magogo yaliyochomekwa ukutani na kuyaozesha. Ndiyo maana kabla ya kuzungumza bei nilirudi mara ya pili, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, nikiwa na fundi mwashi wa eneo hilo niliyemlipa mwenyewe. Alichokoa ncha za magogo kwa bisibisi, moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa yameoza, mengine yalikuwa mazima. Hapo nikajua ninachonunua, na bei ikashuka kutoka yuro 132,000 hadi 118,000.

Sheria ya Ufaransa humlinda mnunuzi vizuri, ila yampasa asome. Muuzaji analazimika kukupa ripoti za ukaguzi: rangi yenye madini ya risasi kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1949, asbesto, umeme, na matumizi ya nishati ambayo hupewa daraja kutoka A hadi G. Yangu ilipata F, na kwa daraja hilo muuzaji hutakiwa pia kuleta tathmini kamili ya namna ya kupunguza upotevu wa joto. Ripoti iliyonigusa mfukoni ni ya karo la majitaka. Nyumba haikuunganishwa na mfumo wa kijiji, karo lilikuwa bovu, na mnunuzi hupewa mwaka mmoja tangu siku ya ununuzi kulirekebisha.

Mkataba wa awali tuliutia saini mbele ya notari, ambaye ni afisa wa sheria anayesimamia kila ununuzi wa nyumba nchini humo. Baada ya kuupokea, mnunuzi ana siku 10 za kubadili nia bila kutoa sababu. Nilihakikisha pia kuna sharti linalosema kwamba benki ikininyima mkopo, ninarudishiwa malipo yangu ya awali. Benki hazitaki marejesho ya mikopo yapite asilimia 35 ya kipato, na mshahara wa muuguzi hauachi nafasi kubwa. Nilipita kwa kuwa gharama za notari na kodi, ambazo kwa nyumba kuukuu hukaribia asilimia 8 ya bei, nilizilipa kwa akiba yangu.

Kilichotuchelewesha ni urithi. Nyumba ilikuwa mali ya ndugu watatu walioachiwa na mama yao, na bila saini ya kila mmoja hakuna mauzo. Mmoja alikuwa akiishi ng'ambo na barua zilimfikia kwa taabu. Sikukasirika. Kwetu nimeona nyumba zikianguka huku warithi wakisubiriana, na hawa angalau walikubaliana. Funguo nilikabidhiwa Juni 2024.

Kanisa la kijiji limeorodheshwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa, na ndani ya mita 500 kutoka kwake mtu habadilishi sura ya nje ya jengo bila mbunifu wa serikali anayelinda majengo ya kihistoria kutoa maoni yake. Niliomba madirisha ya plastiki kwa sababu ya bei, nikakataliwa, nikaweka ya mbao. Sasa naona walikuwa na haki, ingawa yalinigharimu akiba ya miezi mingi.

Majira ya mavuno yalipofika, matrekta yalianza kupita kabla ya alfajiri, na jirani yangu, mzee aliyelima mizabibu maisha yake yote, aliniletea kikapu cha zabibu baada ya kusikia kwamba sinywi mvinyo. Ndiye aliyenionyesha mfereji wa zamani uliozikwa nyuma ya nyumba, ambao kazi yake ilikuwa kuyaelekeza maji ya mlima mbali na ukuta wa kaskazini. Tuliufukua kwa wiki mbili. Baadaye mwashi aliibandua saruji yote, akabadilisha magogo mawili, na kuta tatu zikapigwa lipu ya chokaa. Tabaka la mwisho la ndani nililipaka mwenyewe kwa brashi, kama nilivyomwona mjomba akifanya. Ukuta wa nne umebaki na mawe yake wazi. Bado una unyevu usawa wa kifundo cha mguu, na mwashi amesema tuusubiri ukauke hadi mwisho wa kiangazi kijacho.