Vitabu vitatu vya maneno
Juzi niliazima maktaba vitabu vitatu kuhusu maneno na chimbuko la Kiingereza, na tangu hapo silali mapema. Kumbe baada ya Wanormani, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, ng'ombe akiwa malishoni alibaki na jina la wenyeji, cow, lakini nyama yake mezani ikaitwa beef, neno lililotoka Kifaransa. Mfugaji na mlaji hawakuzungumza lugha moja! Ukurasa huo nimeurudia mara mbili. Hata they, neno dogo vile, lililetwa na watu wa Skandinavia. Ila kilichonigusa zaidi ni kulikuta humo neno safari, letu kabisa, ambalo nasi tulilitoa Kiarabu. Kitabu cha tatu bado sijakifungua, nitaomba kuongezewa muda.