Kusasisha VirtualBox kwenye Ubuntu bila kuhatarisha hesabu za biashara

Wateja wangu wengi hapa Nairobi wamehamia Linux kwenye kompyuta zao za mezani, lakini hawajaachana kabisa na Windows, kwa sababu programu yao ya uhasibu au ya kutolea risiti haina toleo la Linux. Windows yenyewe huiendesha ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, kama mashine pepe, na hesabu zote za duka hukaa katika faili moja kubwa ya diski. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba VirtualBox haifai kusasishwa jinsi tunavyosasisha kivinjari, kwa kubonyeza kitufe cha kukubali na kuendelea na kazi. Isasishwe kwa makusudi, siku ambayo mwenye kompyuta ameichagua mwenyewe, mashine pepe zote zikiwa zimezimwa kabisa.

Sababu imo katika jinsi programu hii ilivyoundwa. Programu nyingi hukaa juu ya mfumo na kuuomba huduma, lakini VirtualBox ina kipande cha programu, yaani moduli, iitwayo vboxdrv ambayo huingia ndani ya keneli, kiini cha Linux yenyewe, na moduli hiyo ni lazima iwe imejengwa kwa ajili ya toleo lile lile la keneli linaloendesha kompyuta wakati huo. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, inapoleta keneli mpya, moduli hujengwa upya bila mtumiaji kuulizwa chochote, mradi kifurushi cha linux-headers cha keneli hiyo (vichwa vya keneli, faili zinazohitajika kuijenga moduli) kipo. Kikikosekana, kompyuta itawaka vizuri, intaneti itafunguka na kila kitu kitaonekana sawa, hadi mtu ajaribu kuiwasha Windows na kukutana na ujumbe unaosema `Kernel driver not installed (rc=-1908)`.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kariobangi alinipigia simu akiwa ameuona ujumbe huo. "Kijana wangu, ile Windows imekataa kabisa, na kesho ni tarehe ishirini." Alikuwa na hakika kwamba vitabu vyake vyote vimepotea. Nilimweleza kwamba diski ya mashine pepe ni faili ya kawaida iliyo salama kwenye folda yake, na kwamba kilichokosekana ni moduli tu. Vichwa vya keneli vilikuwa vimefutwa ili kupata nafasi kwenye diski ndogo. Tulivirudisha kwa `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, kisha tukaendesha `sudo /sbin/vboxconfig`, na Windows ikawaka kama kawaida. Amri hiyo ya pili ni ya vifurushi vinavyotoka Oracle, kampuni inayotengeneza VirtualBox. Aliyesakinisha VirtualBox kutoka hazina ya Ubuntu atatumia `sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms`.

Tarehe aliyoitaja mama huyo ndiyo inayoniongoza ninapopanga kazi hii. Ritani ya VAT hapa Kenya inapaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ya PAYE kufikia tarehe 9, kwa hiyo mimi huwashauri wenye biashara wasasishe baada ya tarehe 20, wakati ambapo hata siku mbili za kusumbuka hazitamletea mtu faini. Kompyuta isiyo na UPS isiguswe siku ambayo stima inapotea na kurudi. Stima ikikatika wakati vifurushi vinasakinishwa, mfumo hubaki nusunusu, na ingawa `sudo dpkg --configure -a` humalizia kazi hiyo mara nyingi, hakuna sababu ya kujitafutia mashaka.

Kabla ya kupakua chochote, zima kila mashine pepe kupitia menyu yake yenyewe, kama unavyozima kompyuta halisi. Hapa ndipo watu wanapopotoka zaidi. VirtualBox hukupa nafasi ya kufunga dirisha huku hali ya mashine ikihifadhiwa, ili kesho uendelee pale pale ulipoachia, nayo ni huduma nzuri kwa siku za kawaida. Lakini kinachohifadhiwa ni kumbukumbu nzima ya mashine pamoja na hali ya vifaa vyake vyote vya kuigiza, na vifaa hivyo hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Toleo jipya likishindwa kuisoma hali ya zamani, njia inayobaki ni kuitupa, na kuitupa ni sawa na kuchomoa waya wa umeme wakati Windows inafanya kazi: ankara iliyokuwa imefunguliwa bila kuhifadhiwa itapotea.

Mashine zikishazimwa, nakili folda nzima ya kila mashine kwenye diski ya nje. Kwa kawaida folda hizo ziko ndani ya `VirtualBox VMs` katika folda yako ya nyumbani. Nasema folda nzima kwa sababu pamoja na faili ya diski yenye kiambishi .vdi kuna faili ndogo ya .vbox yenye mipangilio yote, na toleo jipya huweza kuiandika upya kwa muundo ambao toleo la zamani halitaukubali, ukilazimika kurudi nyuma. Picha za hali (snapshots) ambazo VirtualBox huzipiga ndani yake hazitoshi kuwa nakala rudufu, kwa kuwa hukaa kwenye diski ile ile na huitegemea faili ile ile ya mwanzo. Diski ikifa, vyote vinakwenda pamoja.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba `sudo apt upgrade` haitakuvusha kutoka mfululizo mmoja wa matoleo hadi mwingine. Oracle hutoa kila mfululizo kama kifurushi chenye jina lake: `virtualbox-7.0` ya mwaka 2022, `virtualbox-7.1` ya mwaka 2024, na kadhalika. Mwenye 7.0 ataendelea kupata marekebisho ya 7.0 peke yake hadi atakapokitaja kifurushi kipya kwa jina, nacho kitakiondoa cha zamani. Mimi nauona utaratibu huu kuwa wa busara sana, kwa sababu hatua kubwa haichukuliwi bila mwenyewe kuiamua. Upakuaji wenyewe ni takriban megabaiti 100, kiasi ambacho bando la kawaida la siku linatosha.

Kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa madukani Moi Avenue na Luthuli Avenue, zile zilizotumika Uingereza kisha zikaletwa huku, Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu kompyuta inapowaka, huwa imewashwa. Hapo keneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika, na Ubuntu hukuomba uunde nywila ya muda kwa ajili ya kusajili ufunguo. Kompyuta ikiwashwa upya hutokea skrini ya buluu yenye maandishi machache, nayo husubiri sekunde kumi tu kabla ya kuendelea kana kwamba hukutaka lolote. Bonyeza kitufe chochote haraka, chagua `Enroll MOK`, kubali, andika nywila ile, kisha iache iwake upya. Nywila hiyo iwe ya herufi na tarakimu pekee. Mara nyingi skrini hiyo huisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na kwenye kibodi za Uingereza alama ya @ na ile ya kunukuu zimebadilishana mahali, kwa hiyo unaweza kuandika nywila sahihi na bado ikakataliwa.

Kuna badiliko jingine ambalo halitokani na VirtualBox yenyewe. Linux ina teknolojia yake ya mashine pepe, KVM, iliyoingizwa katika keneli ya 2.6.20 mwaka 2007. Kuanzia keneli ya 6.12, KVM hushika uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe mara tu moduli yake inapopakiwa, badala ya kusubiri mashine iwashwe. Watumiaji wa Ubuntu 24.04 waliokuwa na keneli ya 6.8 waliweza kuvuka mpaka huo bila kujua, 24.04.3 ilipokuja na keneli ya 6.14 mwaka 2025. Kwenye prosesa za Intel dalili yake ni kosa la `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`. Kama hutumii KVM, `sudo modprobe -r kvm_intel` huiondoa hadi utakapowasha upya, na suluhisho la kudumu ni kuongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, na kuendesha `sudo update-grub`. Kusakinisha VirtualBox upya mara kwa mara hakutasaidia lolote, ingawa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hulijaribu.

Extension Pack, yaani kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, kama unaitumia, ni lazima iwe ya toleo lile lile la VirtualBox. Wenye biashara waangalie leseni yake kwa makini: VirtualBox yenyewe ni programu huria, lakini Extension Pack hutolewa bure kwa matumizi binafsi, ya kielimu na ya kujaribia tu, na biashara inapaswa kuilipia. Kabla ya toleo la 7.0 wengi waliihitaji ili flashi za USB 2.0 na 3.0 zisomeke ndani ya Windows. Tangu 7.0 uwezo huo umo katika programu ya msingi, kwa hiyo duka nyingi zinaweza kuiondoa kabisa.

Mwisho, washa Windows na usasishe Guest Additions ndani yake, maana ndizo zinazowezesha folda za pamoja, kunakili na kubandika, na skrini kujipanga kwa ukubwa wa dirisha. Fungua programu ya uhasibu, chapisha ankara moja ya majaribio hadi itoke kwenye printa halisi, na uchomeke flashi ili uone kama inasomeka. Nakala iliyo kwenye diski ya nje usiifute hadi ritani ya mwezi huo iwe imewasilishwa kutoka kwenye mashine iliyosasishwa.