Sifuri ndiyo ya kuogopa: dereva wa Tunduma kwenye barafu ya Umeå

Nimeendesha lori miaka 9 kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nimeshuka mteremko mkali wa Kitonga usiku wa mvua na tani 28 mgongoni, nimeshikilia gia ndogo huku namwomba Mungu breki zisichemke. Kwa hiyo nilipofika Umeå, kaskazini mwa Uswidi, nikaambiwa itabidi nijifunze udereva upya, nilicheka. Leseni ya Tanzania huku unaitumia mwaka mmoja tu tangu uandikishwe kuwa mkazi, na ukiisha hawakubadilishii. Unakaa darasani na kufanya mitihani pamoja na watoto wa miaka 18.

Nami leseni niliihitaji kwelikweli. Kazi niliyopata ni ya kuwahudumia wazee majumbani: saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakabidhiwa gari dogo na orodha ya nyumba, nyingine za mjini, nyingine huko msituni njia ya Vännäs.

Moja ya masharti ya leseni ni kwenda siku moja kwenye halkbana, uwanja uliotengenezwa uteleze makusudi. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Akaniambia niende kilomita 50 kwa saa, na nikifika kwenye koni nipige breki. Nikafanya kama mguu ulivyozoea: nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, vile tulivyokuwa tunapampu kwenye magari ya zamani ili matairi yasijifunge. Gari likazipita koni zote, likaenda kusimama mbali, limegeuka linatazama tulikotoka.

Mama yule akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akasema, "Mikono yako inajua kazi. Mguu ndio unaoringa." Akanieleza kwamba gari hilo lina mfumo unaopampu wenyewe, tena haraka kuliko mguu wa mtu yeyote. Kazi yangu ni kukandamiza pedali hadi chini na kuiacha huko. Raundi ya pili pedali ilitetemeka na kukoroma chini ya kiatu hadi nikadhani nimevunja kitu, nusura niachie. Sikuachia. Safari hii gari lilisimama likiwa limenyooka, ingawa bado mbali kuliko nilivyotaka.

Hilo la mbali ndilo lililonikaa kichwani. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Kwenye lami kavu hilo ni hesabu ya darasani, kwenye barafu unaliona kwa macho. Tulipofanya 30 gari lilisimama bila shida. Kwa 60 nilipata muda wa kufikiri, kujuta na kutazama dirishani.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba barafu ni binamu wa tope. Tope nalijua, nimekwama njia ya Mpanda enzi ile haina lami, nimelala siku mbili chini ya lori. Lakini tope linakushika. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, lenyewe linakusimamisha. Barafu haikushiki, na gari linaendelea na ule mwendo wa mwisho uliolipatia. Kitu kimoja tu cha Kitonga kilinifaa huku: kupunguza mwendo kwa gia, mapema, kabla ya kona, ili ndani ya kona usiwe na haja ya kugusa breki.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuogopa namba isiyostahili. Majira ya baridi ya kwanza, kipimajoto kikisoma hasi 25 nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai. Kumbe baridi kali ya namna hiyo ina nafuu yake: barafu inakuwa kavu na ngumu, tairi inapata pa kushika, hasa hizi za njumu, zenye vipande vidogo vya chuma kama viatu vya kuchezea mpira wa miguu. Balaa ni karibu na sifuri. Hapo juu ya barafu kunakaa utando mwembamba wa maji, na barabara inang'aa kama lami iliyolowa tu.

Nililijua hilo mwezi Februari. Usiku ilinyesha mvua badala ya theluji, alfajiri ikaganda. Mimi nilipoona hasi 1 nilifurahi, nikasema leo joto. Njia ya msituni, kikomo 80, nami nikienda 60, najiona mstaarabu. Kwenye kona nikagusa breki kidogo tu. Usukani ukawa mwepesi, kama umekatika. Mama wa halkbana alikuwa ameniambia, tazama unakotaka kwenda, usitazame mti. Nilitazama mti. Bahati nzuri kati yangu na mti kulikuwa na theluji ya wiki sita iliyosukumwa na greda, na gari likazama humo hadi vioo vya pembeni.

Sikuumia. Nikapiga simu ofisini, nikavaa kizibao cha kung'aa, nikatoka kupitia mlango wa abiria. Kabla ya kurudi ndani kupasha joto nilifukua theluji kwenye ekzosi kwa mikono, kwa sababu ikiziba, moshi wenye sumu unaweza kuingia ndani ya gari, na sumu hiyo haina harufu. Baada ya saa nzima hivi akapita mkulima na trekta. Akafunga mnyororo, akavuta, akaniuliza kama nina chai. Nilikuwa nayo. Tukanywa pale barabarani, wala hakutaka hela.

Tangu hapo nimekuwa na utaratibu, na wenzangu wananitania. Sheria inasema tairi za majira ya baridi ziwe na mifereji yenye kina cha milimita 3 angalau, na ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi. Mimi napima kwa kipimo changu mwenyewe kabla sijachukua funguo. Gari likiwa limelala nje, heta ya injini iwe imechomekwa kwenye umeme mapema. Nakwangua vioo vyote. Kuna watu wanakwangua katundu kadogo mbele ya usukani halafu wanaondoka kama mwanajeshi ndani ya kifaru! Na theluji ya juu ya paa naipangusa yote, maana siku moja ilinishukia kwenye kioo cha mbele nilipopiga breki, nikawa kipofu. Kwenye buti kuna koleo, blanketi, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi linapozunguka bure.

Upande wa kulia ulinichukua muda kuuzoea, lakini huko sipati huruma. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa na leseni tayari tarehe 3 Septemba 1967, siku Uswidi nzima ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia saa kumi na moja alfajiri. Kila nikilalamika ananikumbusha kwamba wao walipewa dakika kumi.

Leo asubuhi nimeamka, nikachungulia kipimajoto cha dirishani. Sifuri kamili, na taa za mtaa zinameremeta kwenye lami. Nikampigia bibi wa mwisho kwenye orodha, yule wa njia ya Vännäs, nikamwambia nitachelewa nusu saa. Akasema ameshachungulia nje na yeye, na kahawa hajaweka hata jikoni.