Almasi ya Koh-i-Noor walimnyang'anya mtoto wa miaka 10

Kila nikisikia Koh-i-Noor inaitwa urithi wa wafalme wa Uingereza, eti walipewa kwa hiari, roho inaniuma, maana ukiifuatilia hii almasi utakuta wengi walioishika walimpora mwenzao. Nadir Shah, mtawala wa Iran, aliibeba toka Delhi mwaka 1739 alipokomba hazina ya Wamughal waliokuwa wanatawala India, akaja kuuawa, ikaangukia kwa watawala wa Afghanistan, halafu 1813 Ranjit Singh, mfalme wa Punjab aliyekaa Lahore, akambana Shah Shuja aliyekuwa mtawala wa Afghanistan mpaka akaitoa.

Ila mimi ninayemuwaza ni Duleep Singh, mtoto wa Ranjit. Huyu alikalishwa kwenye kiti cha ufalme wa Punjab ana miaka 5, mama yake Jind Kaur ndo anamshikia utawala, Waingereza wakaja wakamtenganisha na mama yake wakamfunga mama, na 1849 dogo ana miaka 10 akawekewa mkataba mbele yake asaini. Ndani kuna kipengele kizima cha hilo jiwe tu, kwamba litaenda kwa malkia wa Uingereza. Miaka 10 jamani! Mama hayupo, jeshi limeshashindwa, atakataaje?

Walivyoionyesha London 1851 watu wakalalamika mbona haing'ai kivile, basi mwaka uliofuata wakaichonga upya, ikashuka toka karati 186 hivi hadi 105 na kidogo. Karibu nusu ya jiwe imeenda hivihivi.

Sasa 1854 Duleep yuko kasri la Buckingham London anachorwa picha, ana miaka 15, na Malkia Victoria akaagiza almasi iletwe aione. Duleep akaipokea, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, akaigeuzageuza kimya muda mrefu watu wote wanamtazama, halafu akarudi akaiweka mkononi mwa Victoria. Hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma. Jiwe lenyewe limeshabadilishwa sura, sio lile alilokuwa anavalishwa utotoni, na bado ilibidi alirudishe kwa adabu kama zawadi. Mama yake alikuja kumuona tena 1861, ameshazeeka na macho hayaoni vizuri. Ukubwani Duleep akaanza kulidai jiwe lake waziwazi, hakupewa, akafia Paris 1893.

2023 Camilla, mke wa Mfalme Charles, alivikwa taji lisilo na hiyo almasi, ila jiwe bado lipo kulekule Tower of London, na India, Pakistan, Iran na Afghanistan wote wameshalidai. Nani apewe ni mjadala mgumu kweli, nakubali. Ila kuniambia lilitolewa kwa hiari, hapana, yule dogo hakuwa na hiari yoyote.