Akina Cartier, kidani kimoja na wazamiaji wa Ghuba

Siku kadhaa sasa nasoma habari za akina Cartier, masonara wa Paris, na mawazo yangu yameganda kwenye kidani kimoja cha lulu.

Duka lilianza kwa unyonge. Mwaka 1847 Louis-François Cartier alichukua karakana ya fundi aliyekuwa bwana wake, baadaye akamwachia mwanawe Alfred. Waliolipeleka duniani ni wajukuu watatu: Louis alishika Paris, Jacques London, Pierre New York. Napenda walivyoshikana hawa ndugu. Huku kwetu nimeona biashara ngapi za familia zikivunjika siku ndugu walipoanza kugawana! Wao waligawana miji, kisha barua zikawa zinapishana baharini, wakishauriana bei, mawe na wateja.

Kidani chenyewe kilikuwa cha nyuzi mbili, thamani yake dola milioni 1. Kilimpendeza Maisie, mke wa tajiri Morton Plant. Pierre naye alikuwa akitafuta jengo la maana Fifth Avenue, barabara ya New York. Mwaka 1917 wakaelewana: Plant akatoa nyumba yake, Pierre akatoa kidani na dola 100 juu. Duka liko pale mpaka leo.

Lulu bora za enzi hizo zilitoka Ghuba ya Uajemi, na mwaka 1912 Jacques mwenyewe alifika Bahrain kuzitafuta. Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akavaa vidole vya ngozi kujikinga na makali ya chaza, akatia mguu kwenye kamba yenye jiwe zito, akazama kwa pumzi moja. Juu chomboni mwenzake ameshika kamba nyingine. Ikitikiswa tu, anamvuta. Chaza wengi hawakuwa na kitu ndani. Msimu ukiisha, mtu alirudi nchi kavu na deni la nahodha liko pale pale, pengine limezidi. Na miongoni mwao walikuwamo watumwa wa Kiafrika, wengine wametolewa mwambao huu huu wetu. Lulu walizozitoa hazikuwa zao hata dakika moja.

Historia nyingi za maduka haya huanzia pale lulu inapotua mezani kwa sonara. Mimi naiona historia ya namna hiyo imekatwa kichwa.

Bei nayo ilikuja kuanguka. Kokichi Mikimoto wa Japani alifanikiwa kufuga lulu ndani ya chaza mwaka 1893. Lulu za kufugwa zilipojaa sokoni, na mdororo wa uchumi wa 1929 ukafuatia, za Ghuba zikakosa wanunuzi. Kidani cha Maisie kilipopigwa mnada mwaka 1957, hakikufikisha hata dola 200,000.

Louis na Jacques walikwishafariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Pierre akafuata 1964. Matawi yakauzwa moja moja, la London likiwa la mwisho, 1974. Jina likabaki mlangoni, wenye jina wakaondoka. Lakini barua zao zilipatikana sandukuni mwaka 2009, na kitukuu wa Jacques akawasikia wazee wake wakizungumza. Nimemfurahia kwa dhati.

Wazamiaji hawakuacha sanduku la barua. Ila baadhi ya waliokuwa watumwa walikwenda kwa wawakilishi wa Uingereza kule Ghuba kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yakaandikwa: mtu alizaliwa wapi, nani alimteka, aliuzwa kwa nani, alizamia kwa bwana yupi. Makaratasi hayo yamehifadhiwa na yanasomeka mtandaoni. Nimeanza kuyapitia.