Tangu lini?

Usingizi umekataa, na sababu ni mlango. Sio kwamba haufungi, unafunga, tena sasa hivi unafunga vizuri kuliko siku zote, ila kuna neno mtoto aliniuliza Jumatatu mpaka leo Alhamisi halijanitoka kichwani, acha niliandike labda litaniachia.

Mtoto wa kaka kaja likizo, yule wa Morogoro, saa hizi ana miaka saba. Nimemtuma uani akaniletee kanga kwenye kamba naona kimya, naenda namkuta mlango wa nyuma, kaegemeza bega anasukuma mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Akanigeukia, "Shangazi, mlango wenu unaumwa?"

Nikamwambia hauumwi mama, unauinua kidogo kwa kitasa halafu unausukuma kwa goti hapa chini, nikamwonyesha. Pale chini rangi imeshatoka yote, pamebaki duara la mbao tupu saizi ya goti langu, linang'aa kama limepigwa msasa.

Akasema, "Tangu lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu.

Mtoto alishatoka zake nje kufuata kanga, yeye aliuliza tu kama wanavyouliza watoto, mimi ndo nimebaki pale na mkono kwenye kitasa. Tangu lini? Wale mliokuwepo tunahamia huku Tabata 2021 mnakumbuka friji lilivyopitia uani, na wale vijana waliolibeba walifungua huo mlango kwa kidole. Kwa hiyo ulikuwa mzima. Nadhani ilianza masika mojawapo, mbao ikavimba, ikawa inakwaruza sakafu, tukasema jua likiwaka utarudi. Jua likawaka, mbao ikakauka, ila sisi tulishajifunza goti na hakuna aliyekumbuka kuangalia kama umerudi. Nimewauliza wanangu, nimemuuliza baba yao, kila mtu anasema we si ndivyo ulivyo huo mlango.

Basi tangu Jumatatu naitembelea nyumba yangu kama mgeni. Swichi ya jikoni inabonyezwa mara mbili, ya pili kwa nguvu. Jiko la gesi tunawashia kiberiti kwa sababu ile ya kubonyeza ilikufa, lini sijui. Bomba la bafuni lina ndoo yake chini na nikaona hiyo ndoo naihesabu kabisa kwenye vyombo vya bafuni, pamoja na kopo na brashi. Usiku wa Jumanne nikaimwaga ikawa tupu saa nne, saa kumi na moja alfajiri naangalia, kama lita nane. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama na tochi ya simu, lita nane kwa saa saba, ni kama lita ishirini na saba kwa siku, na yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yani ndoo kubwa hamsini. Mwezi na wiki moja hivi yuniti nzima imeshatoka tone tone, na mchana wala hatukingi.

Jana fundi kaja. Fundi kauinua mlango kidogo tu akaniita, mama njoo uone. Bawaba ya juu ina matundu matatu ya skrubu, mawili matupu, mbao imelika yamekuwa mapana, skrubu moja tu iliyopinda ndo ilikuwa imebeba mlango wote. Akachonga vijiti akavipaka gundi akavigongelea kwenye matundu, akaweka skrubu ndefu zaidi, na bomba akalibadilisha washa, ile raba ya ndani. Elfu kumi na tano kila kitu, hata nusu saa haikufika. Nikafungua kwa kidole. Nikafunga, nikafungua tena, yule mtoto anacheka na mimi nacheka, furaha niliyokuwa nayo nyie acheni tu. Ila leo asubuhi natoka na beseni la nguo goti likapanda lenyewe, mlango ukaenda kubamiza ukuta.

Sasa kilichonikosesha usingizi hasa hiki hapa. Leo saa mbili taarifa ya habari, Mama yangu kashika rimoti, nikaangalia namba ya sauti kwenye kioo, 41. Tuliponunua hiyo TV ishirini ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani. Watoto wanaongea kwa kupayuka, baba yao kanyanyuka katoka nje bila kusema kitu, na mimi nimegundua nyumba nzima tunapiga kelele, na hakuna ugomvi wowote. Tangu lini?

Wiki mbili nyuma nilimwambia Mama tutatoka saa sita, nakuja kumchukua hajavaa, anasema si ulisema saa tisa. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia Mama siku hizi hunisikilizi kabisa, akanyamaza akaanza kutafuta viatu. Namuona alivyoinama kutafuta hivyo viatu. Masikio ya mtu mzima yanaanza kupoteza zile sauti nyembamba, s na t, na sauti za watoto, zile nzito zinabaki, ndo maana akiongea mkwewe anasikia vizuri na mjukuu wake akimwita mara tatu haitiki, na mimi nilishafika mahali pa kudhani anambagua yule mtoto. Mungu anisamehe.

Nimemfuata chumbani nikakaa kitandani kwake nikamuuliza, Mama masikio vipi siku hizi? Akasema, "Masikio yangu hayana neno, nyinyi ndo mmekuwa mnanong'ona humu ndani."

Nimemshika mkono tu. Jumanne nampeleka akaangaliwe, saa ingine ni nta tu imejaa wanaitoa siku hiyohiyo. Kama sio nta tutajua.

Na mwenye nyumba katuma meseji saa tatu usiku, "Mama Jumamosi nitapita tuongee kidogo." Hajasema nini. Mkataba unaisha mwezi wa nane na kodi hatujawahi kuchelewesha hata siku moja.