Chini ya kapeti la Mayu

Magoti yananiuma kama nimeshinda kwenye majaruba ya mpunga. Ni wiki ya tatu sasa natambaa sebuleni kwa Mayu, mama yangu, hapa Isamilo, Mwanza, msasa mkononi, vumbi hadi kwenye kope.

Chanzo ni masika. Bati lilivuja, maji yakaingia chini ya kapeti la plastiki, nyumba ikaanza kunuka uvundo. Nikakunja kona moja ipate hewa. Chini yake nikakuta kapeti jingine, la maua mekundu, lile nililojifunzia kutambaa. Chini ya hilo magazeti yaliyogeuka unga, isipokuwa kipande kimoja kilichokuwa bado kinasomeka, habari za msimu wa pamba. Chini ya magazeti, mbao.

Tangu utotoni nilijua sakafu yetu hulia ukiikanyaga. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ya jirani hailii.

Ukiikagua nyumba kwa nje unaelewa. Aliyeijenga hakutaka ugomvi na jiwe. Upande wa mlimani aliegemeza msingi kwenye mwamba, upande wa bondeni akainua nguzo fupi, juu akalaza boriti na mbao. Kule chini pamebaki uwazi unaomtosha mtoto kutambaa, wenye matundu ya hewa kila upande. Mijusi kafiri ndio wapangaji wa huko.

Fundi niliyempata ni wa mitumbwi, hufanya kazi zake karibu na soko la samaki la Mwaloni. Alikwangua ubao kwa ncha ya patasi, akaunusa, akasema, "Mninga." Kisha akanionyesha kitu ambacho nimekuwa nikimwonyesha kila mgeni. Mbao mbili za dirishani zimeliwa na mchwa, lakini kwenye ukingo tu, ule mweupe unaotoka karibu na gome la mti. Walipofika kwenye wekundu wa moyo wa mti wakaacha, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Aliyepasua gogo lile alibana matumizi akauacha ule weupe, na mchwa wakamuumbua.

Hizo mbili tulizibadilisha. Nyingine zote zimebaki.

Kandokando ya ukuta kulikuwa na gundi nyeusi kama lami. Hiyo hatukuipiga msasa, maana baadhi ya gundi za aina hiyo za zamani zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake si la kuchezea. Tuliilowanisha, tukaibandua polepole ikiwa mbichi, barakoa usoni. Siku nzima kwa upana wa kiganja. Halafu vichwa vya misumari, kimoja kimoja, kuvizamisha ndani ya mbao visije vikachana msasa.

Mashine tulikodi. Fundi alinionya: ukiwasha usisimame, mashine ikitulia mahali pamoja unachimba kaburi. Nikasimama kupokea simu. Kaburi lipo, karibu na kabati, na nimeshaamua mkeka utakaa hapo. Tulianza na msasa namba 40, tukaja 80, tukamalizia 120, tukifuata nyuzi za mbao, na kila hatua wekundu ulizidi kutoka. Nyufa fundi alitaka kuziziba kwa pamba kama anavyoziba mtumbwi. Nikamwambia mbao hizi zitavimba mvua zikirudi, ziachiwe nafasi. Akacheka: "Kweli, nyumba haielei."

Jioni ya vanishi ndiyo nisingependa kuikumbuka. Tulipaka mkono wa kwanza saa kumi na moja, madirisha wazi ili harufu itoke, taa imewaka. Nilitoka kununua maji. Nikaona ziwani wingu limesimama kama moshi wa tanuru, nikalishangaa tu, kama vile sikuzaliwa hapa. Niliporudi wadudu wa ziwa, wale wa lile wingu, walikuwa wameingia wote, na sakafu ilikuwa imeota manyoya. Hawaumi, masikini, wanafuata mwanga. Siku ya pili tulirudia msasa mwanzo mwisho.

Mayu muda wote huo alikaa kibarazani na uji wake. Nilidhani atafurahi. Siku mninga ulipong'aa nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo aliinama akapapasa.

"Enhe," akasema. "Umenirudisha kwenye magoti."

Nikamuuliza vipi. Akaniambia kabla ya kapeti, kila Jumamosi alipiga magoti na kopo la polishi na kitambaa, kuanzia chumba cha baba hadi mlango wa mbele, mimba zake zote tano humo humo. Kapeti la maua alilinunua kwa hela ya vitumbua alivyouza mwaka mzima, akamleta fundi siku ambayo baba alisafiri. Baba aliporudi alinuna wiki. "Yeye alizipenda mbao," akasema Mayu. "Alizipenda akiwa kwenye kiti."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshapiga picha kumi na mbili za kuonyesha jinsi nilivyoiokoa sakafu.

Nimemwahidi vanishi haihitaji polishi, ni deki la kitambaa chenye unyevu tu. Alinitazama kama anavyomtazama muuza dawa wa mnadani.

Jana fundi alikuja kumalizia, kukaza mbao zinazolia. Alikaza saba. Alipofika ule wa tatu kutoka mlango wa chumba cha Mayu, sauti ikatoka kibarazani, "Huo acha."

"Mama, unalia kuliko yote."

"Ndiyo. Usiku nikiamka, ukilia najua nimefika mlangoni. Usipolia nitaingia kabatini."

Fundi akarudisha skrubu mfukoni. Kisha akaukanyaga ule ubao mara mbili, akisikiliza kama bado unalia sawasawa.